Vichanja vya Mama Sifa na Rezo Iliyokufa Kila Jioni

Acheni kuniandikia. Nasema kwa upendo na nasema kwa hasira: acheni. Simu yangu hailali. Leo kijana wa Rugenge, kesho msichana wa Kimanga, na swali ni lile lile: "Mama Neema, rezo haifiki chumba cha nyuma, ninunue repetere gani?" Ununue repetere gani! Nyumba hujaitembea, ukuta hujaugonga, wenye nyumba hujawauliza wanakaa wapi jioni, na tayari umetoa mkoba. Hata mganga wa uongo anaanza kwa kuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Basi nimeketi. Mtoto amelala, na kabla hajaamka nitawaandikia yote mara moja, msome, mniache nipike.

Ndiyo, nimestaafu. Mkitaka kucheka, chekeni. Najua mstaafu anatakiwa awe na mvi na fimbo, na minye niko na mtoto anayenyonya na mwingine yuko njiani. Lakini ngazi inabeba mtu mmoja, na sisi tuko watatu. Wale wanaosema eti bwana yangu ndiye aliyenikataza, waje wayaseme hapa mlangoni kwangu. Bwana yangu ndiye aliyekuwa ananishikia ngazi! Nimeshuka mwenyewe, kwa miguu yangu, na nitakapopanda tena sitamwomba mtu ruhusa.

Kazi yangu ilikuwa hii: nyumba kubwa, ukuta mnene, ruta moja saloni, na watu wanalia chumba cha mwisho. Nilikuwa naifanya rezo, huo mtandao wa intaneti unaotoka kwenye ruta, ifike. Basi. Haina siri kubwa. Iko na miguu, masikio, na adabu ya kuingia kwa watu.

Hiyo adabu ndiyo iliyonipa kazi. Vye Wilondja, yaani Mzee Wilondja, fundi aliyenifundisha, alikuwa mtu mzima mwenye tumbo na kicheko, amezeeka kwenye redio na televisheni kabla ya rezo kufika kwetu. Aliweza kila kitu isipokuwa kimoja: kuingia chumba cha kulala cha mke wa mtu. Nani atamruhusu? Kwetu mwanaume mgeni anafika saloni, akizidi sana anafika kwenye kolido. Kwa hiyo alikuwa anapima rezo akiwa amesimama mlangoni, shingo imenyooka kama bata, na kule ndani hakujui. Ndipo aliponichukua. Nilikuwa nimemaliza sekondari, sina kazi, Neema wangu yuko mgongoni.

Siku ya kwanza akaniambia, "Weye ingia. Sema mutoto anataka kulala. Watakufungulia hata chumba cha askofu."

Na ni kweli! Mtoto mgongoni ni ufunguo. Wanawake wananifungulia, wananitandikia, wananiletea chai, na minye nikimlaza Neema kitandani natoa simu, napima rezo kona kwa kona. Kuna watu walikuwa wananionea huruma: "Masikini, anatembea na kichanga kwenye kazi ya wanaume." Huruma yenu muikaange muile. Neema alijua kulala kwenye vitanda vizuri vya Uvira kuliko mbunge.

Makosa? Nimefanya, tena ya kuchekesha. Repetere, kwa asiyejua, ni kisanduku kinachosikia rezo kutoka kwa ruta na kuirudia mbele. Mara ya kwanza nilipopewa moja nikaipeleka moja kwa moja jikoni, mahali ambapo rezo ilikuwa imekufa na kuzikwa. Nikachomeka, taa ikawaka, nikafurahi. Rezo? Hamna. Nikachomoa, nikachomeka, nikaipigapiga kidogo. Vye Wilondja alikuwa ananiangalia huku anakula muhogo wa watu.

"Mama Neema, ukimutuma kiziwi kwenye mukutano, atakuletea habari gani?"

"Hakuna."

"Basi muweke karibu na musemaji. Pale anaposikia vizuri. Kisha aelekee kwa wale wasiosikia."

Hilo ndilo somo lote la repetere. Haikai pale rezo ilipokufa. Inakaa katikati, mahali inaposikia bado vizuri. Mliokuwa mnataka kuniandikia leo, nusu yenu nimeshawajibu.

Nusu nyingine ni wale wa kabati. Nilienda nyumba ya mke wa mchungaji mmoja, nyumba nzuri, vigae mpaka nje. Rezo haifiki hata kwenye kiti cha pili. Natafuta ruta, siioni. Kumbe imefungiwa ndani ya kabati la vioo pamoja na sahani za wageni, nyuma yake kuna kioo cha kujitazamia, juu yake kitambaa cha kufuma, na mlango umetiwa kufuli.

"Mama, kwa nini umeifunga?"

"Hiyo ndiyo kitu ya bei kuliko zote humu. Watoto wataivunja."

"Na rezo itoke wapi?"

Akafikiri. "Si kuna tundu la funguo?"

Msimcheke. Mama zetu wote wako hivyo: kitu kizuri kinafunikwa, kinafungwa, kinasubiri wageni. Lakini ruta si sahani. Ruta inataka kukaa juu, wazi, katikati ya nyumba, mbali na kioo, mbali na bati, mbali na pipa la maji. Weka hapo kwanza, kisha ndiyo ufikirie kununua.

Sasa nifike kwa Mama Sifa, kwa sababu ndiko nilikokasirika kuliko kote, na ndiko nilikofurahi kuliko kote.

Mama Sifa ni mwanamke wa ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Wavuvi wakirudi asubuhi, yeye ananunua, wanawake wake wanaosha na kuanika, na magunia yanaondoka kwenda juu mpaka Mulenge. Kwa ndagala hizo, akiwa mjane, alijenga nyumba kubwa Kimanga: saloni ya kupokea watu wa heshima, vyumba vingi, na nyuma ya parsela, yaani kiwanja chake, anexi ya Koko, nyumba ndogo ya pembeni. Koko ni mama wa marehemu bwana yake. Mguu wake mmoja haukanyagi tena, na kumbeba hataki. "Mutanibeba siku moja tu," anasema, "na siku hiyo sitasikia."

Binti wa nyumba, Sifa, alikuwa amechumbiwa na kijana wa bonde la Ruzizi, mtoto wa wakulima wa mpunga, watu wanaosema Kirundi na kusali sana. Mapenzi yalikuwa matamu, sisemi zaidi. Lakini kwa familia ile mahari haipokelewi na mjane. Anayepokea ni kaka mkubwa wa marehemu, Baba Mkubwa, naye yuko Kanada. Yeye aseme "tumepokea," kisha Koko ajibu, ndipo binti ametoka. Bila maneno hayo mawili, ng'ombe warudi kwao. Na kwa kuwa Koko habebwi, sherehe yote inafanyika nyuma, mbele ya mlango wa anexi, na Baba Mkubwa anaonekana kwenye simu.

Mara ya kwanza sikuwepo, lakini nilihadithiwa mpaka nikaota. Wakwe wamefika alasiri na nguo zao nzuri. Jua likianza kushuka, Baba Mkubwa ametokea kwenye simu, amevaa tai. Amefungua kinywa… na akabaki hivyo. Kinywa wazi. Simu imeganda. Watu wanangoja. Kinywa bado kiko wazi. Baba wa kijana akanyanyuka polepole, akasema kwa adabu iliyouma kuliko tusi, "Kama hamututaki, mungetuambia tukiwa kwetu." Wakaondoka.

Ndipo maneno yakaanza. Kwamba Mama Sifa anawadharau watu wa bonde. Na lile baya zaidi: kwamba marehemu ndiye anayekata simu, hamtaki mkwe. Mnajua maneno ya namna hiyo yakiingia nyumba hayatoki kwa ufagio. Hata Koko alianza kuyaamini. Sifa hakula.

Mafundi waliitwa. Wakaja asubuhi, kwa sababu mtu wa kazi ana nguvu asubuhi. Wakapima wakiwa mlangoni kwa Koko: "Mama, rezo iko! Iko muzuri kabisa!" Na kweli ilikuwepo. Wakauza kisanduku, wakaenda. Jioni, rezo imekufa. Wakaja tena asubuhi: iko. Wakauza kingine. Jioni imekufa. Mpaka nyumba ikawa inawaka taa za bluu kila kona kama duka la Krismasi, na kila jioni Koko anaambiwa, "Ni marehemu."

Hapo ndipo nilipoitwa, siku moja kabla ya wakwe kurudi. Kurudi kwa mara ya mwisho, walivyosema.

Niliwaka, msiniulize. Nilisimama katikati ya saloni na kuwauliza watu wote kwa mpigo, "Fundi yupi amewahi kukaa hapa mpaka jioni?" Hakuna. "Fundi yupi ameingia ndani kwa Koko?" Hakuna. Wameuza visanduku na hawajui kitanda kiko upande gani!

Nikatoa ruta nyuma ya televisheni, nikaiweka kwenye dirisha la saloni linaloangalia nyuma. Kisha nikaenda kubisha kwa Koko.

"Koko, hodi. Mutoto anataka kulala."

"Mulaze hapa kwenye mbavu zangu. Huyu nani?"

"Anaitwa Neema."

"Munono. Analishwa vizuri. Weye ndiye wa kufunga waya?"

"Ni minye."

"Basi mufunge na marehemu asitusumbue," akasema, na akageukia ukuta.

Nikampigia Baba Mkubwa. Kwake kulikuwa alfajiri, kichwa kimefunikwa blanketi, lakini sura safi, sauti safi. Koko akageuka haraka kuliko mtu mwenye miguu miwili.

"Weye! Kwa nini siku ile ulitufungulia kinywa bure?"

"Bure namna gani, Mama? Nilisema yote."

"Ulisema nini?"

"Nilisema tumepokea. Nilimutaja marehemu, nilibariki, niliomba mpaka amina. Kisha nikaona ninyi ndio mumeganda, munaniangalia tu. Nikasema labda hawajafurahi."

Kumbe baraka yote ilikuwa imesemwa, peke yake, huko mbali, kwa watu walioganda. Koko alifunga macho. Akaanza kusema kitu, na hapo hapo radi ikalia upande wa milimani.

Nje, sauti za wanawake: "Mvua! Mvua! Ndagala!" Miguu inakimbia, mbao zinagongana. Nami naangalia simu: Baba Mkubwa ameganda. Jicho moja limefungwa, kinywa wazi.

"Umeona," akasema Koko polepole. "Ni mwanangu. Hataki."

Minye nikaangalia simu. Nikaangalia mlango. Asubuhi rezo iko, jioni haiko. Sasa ni mchana na imekufa. Kitu gani kimefanyika sasa ambacho kila siku kinafanyika jioni?

Nikatoka mbio. Na nikaviona.

Vichanja! Ndagala za Mama Sifa hazianikwi chini kwenye mchanga. Zinaanikwa juu ya vichanja: fremu ya mbao, na katikati wavu wa chuma wa matundu madogo, madogo kabisa, ndagala isipite. Mchana vinatandazwa jua liliko, upande wa mbele. Jioni, au mvua ikija, wanawake wanavibeba na kuvisimamisha vyote chini ya paa, kwenye njia ile nyembamba kati ya nyumba kubwa na anexi. Kimoja juu ya bega la kingine, kama watu kwenye mstari wa maji. Ukuta wa matofali, rezo inapenya, inachoka tu. Lakini chuma inairudisha. Na wavu wa matundu madogo hivyo, mbele ya rezo, ni bati. Kila jioni wale wanawake walikuwa wanamjengea Koko ukuta wa bati, kwa mikono yao, wakiimba.

"Toeni!" nikapiga kelele.

"Mama Neema, mvua!"

"Toeni, nasema!"

Wakatoa, kwa sababu uso wangu ulikuwa hauna mjadala. Mmoja wao nikamsimamisha kwa Koko ashike simu.

"Anaongea!" akaita.

"Rudisheni!"

"Amekufa!"

"Toeni tena!"

"Amefufuka! Anauliza nani anacheza na yeye!"

Tulivitoa na kuvirudisha mpaka wanawake wote wamelowa na wanacheka, wanashikana mabega, na Koko ndani anacheka mpaka anakohoa, na Neema ameamka anapiga makofi. Mama Sifa alifika na mwavuli. Alisikiliza, aliangalia vichanja vyake kimoja kimoja, uso unabadilika.

"Yaani ni ndagala," akasema. "Ndagala zangu ndizo zilikuwa zinamukataa mukwe!"

Dawa ya kweli ilikuwa kebo: waya mmoja kutoka kwa ruta mpaka anexi, na kisanduku kwenye mwisho wake kwa Koko. Waya haujali kichanja. Lakini kebo ndefu hivyo sikuipata maduka yote niliyoingia, niliambiwa ije wiki inayofuata. Tukakubaliana: kesho hakuna kichanja kwenye ile njia. Hata kimoja.

Na kesho yake ziwa likatoa ndagala. Waliokuwa wakiomba samaki wengi mwezi mzima wakajibiwa siku hiyo. Mama Sifa aliapa hatanunua, kisha akanunua. Nikamgombeza. Akaniambia, "Minye niliyejenga hii nyumba, unafikiri niliijenga kwa kukataa samaki?" Vichanja vikatandazwa mbele, wakwe wakaketi nyuma, na mbingu ilikuwa nyeupe.

Baba wa kijana alikuwa ameketi wima kama mtu aliyekuja mahakamani. Hotuba zikapita. Baba Mkubwa yuko kwenye simu na tai yake. Sifa ameinamisha kichwa. Na radi ikalia.

Miguu ya wanawake haikungoja ruhusa. Walikuwa wamevaa vitenge vya sherehe, lakini mwili wa mtu wa ndagala ukisikia radi hauulizi umevaa nini. Walinyanyuka wote, wakakimbia mbele, na nikawaona wanakuja na vichanja kichwani, wanaelekea palepale, kwenye njia.

"Si hapo!" Nilipanda juu ya benchi, mtoto mgongoni. "Musiweke hapo!"

Wakasimama. Matone yakaanza. Ndagala za asubuhi nzima zikilowa zinaoza, na mahali pengine pa kuzificha hapakuwepo. Mahali pamoja tu: saloni. Saloni yenye viti vya mahameli, ambayo hata mtoto wa nyumba haingii na mguu wa vumbi. Mama Sifa aliangalia saloni. Aliangalia mlango wa Koko. Aliangalia binti yake.

"Pelekeni saloni," akasema.

Na kabla mtu hajasogea, baba wa kijana alikuwa amevua koti. "Hata mpunga tunauanika," akasema, "na mvua haituulizi." Akashika kichanja cha kwanza. Wakwe wote wakanyanyuka nyuma yake! Wazee na suti zao, mama zao na mikufu yao, wanakimbia na ndagala kichwani, wanajikwaa kwenye zulia, wanacheka. Nami mlangoni kama askari: "Vilale! Musivisimamishe! Juu ya viti, juu ya meza, vilale vyote!" Kwa sababu vikisimama mbele ya dirisha lenye ruta, tumerudi palepale.

Tukarudi nyuma, tukajibana chini ya kibaraza cha Koko. Rezo? Nzima. Sura ya Baba Mkubwa inang'aa. Akafungua kinywa…

Na mvua ikaangukia mabati. Nyinyi mnajua mvua ya hapa kwenye mabati. Hakuna aliyesikia kitu. Midomo inakwenda, sauti hamna.

Koko akanyoosha mkono kutoka kitandani. Nikampa simu. Akaibandika sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Baba wa kijana alikuwa amesimama mlangoni kwake, maji yanamtiririka shingoni. Koko akamwambia, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, "Anasema tumepokea!"

Baba wa kijana akageukia watu wake waliojibana kibarazani, akapaza kwa Kirundi kwamba wamekubali: "Baremeye!" Wa mwisho kibarazani akawapigia kelele wale waliobaki saloni na samaki. Saloni ikajibu kwa vigelegele vilivyoshinda mvua. Kisha vikarudi, mtu kwa mtu, mpaka kitandani kwa Koko, na Koko akasema kwenye simu, "Wamesikia, mwanangu. Safari hii wamesikia. Na minye nimekubali."

Sifa alikuwa analia na kucheka. Mama yake pia. Minye nilikuwa nimesimama bado kando ya kitanda cha Koko, nguo zimelowa, nina ndagala kwenye nywele.

Kebo ilikuja, niliivuta mwenyewe, na jioni sasa vichanja vinasimama mahali pake bila kumdhuru mtu. Saloni ya Mama Sifa inanuka samaki mpaka leo. Mgeni akikunja pua, anamwambia, "Hiyo ni harufu ya ndoa ya mwanangu, vuta vizuri."

Nimeweka rezo kwenye nyumba nyingi. Nzuri kuliko ile ya siku ya mvua sijaweka: Koko karibu na msemaji, mkwe mlangoni anaposikia vizuri, kibaraza katikati, saloni mwisho, kila mmoja amesimama pale anapomsikia wa kwanza na kumrudia wa pili.

Mtoto ameamka. Haya, niulizeni tena mnunue repetere gani.